Ufikivu wa Programu na Viwango Vyake vya Kimataifa

Ufikivu ni sifa ya programu inayomwezesha mtu mwenye ulemavu kuitumia kwa kazi ileile, na kwa matokeo yaleyale, kama mtumiaji mwingine yeyote. Programu yenye sifa hiyo huitwa programu fikivu. Asiyeona husomewa yaliyomo kwenye skrini na kisoma skrini, au huyapapasa kwenye kifaa cha nukta nundu. Kiziwi hupata kwa maandishi yanayosemwa kwenye video. Asiyeweza kushika kipanya hukamilisha kila hatua kwa kibodi, kwa sauti au kwa swichi moja. Mwenye ugumu wa kusoma au kukumbuka hukuta maelezo mafupi na vitufe visivyohamahama.

Neno lenyewe limeundwa kutokana na kitenzi fikia, kwa njia ileile iliyotoa usikivu katika sikia na utulivu katika tulia. Linafaa kutenganishwa na maneno mawili yanayolikaribia. Ufikiaji ni tendo: mtumiaji anafikia faili, msimamizi wa mfumo anadhibiti ufikiaji wa kanzidata. Ufikivu ni hali ya kitu chenyewe, iwe yupo anayekifikia wakati huo au hayupo. Upatikanaji, neno ambalo baadhi ya watafsiri hulitumia, lina kazi nyingine kwa mafundi wa mitambo: ni mfumo kuwa hewani bila kukatika. Tovuti inaweza kupatikana saa 24 kwa siku na isiwe fikivu hata kidogo. Ufikikaji nalo halina kosa la kisarufi, ila ulimi hulikwaa. Kwa sababu hizo ufikivu ndilo linalostahili kushikwa.

Maana hiyo, kwamba ufikivu ni sifa ya kitu na si hisani kwa mtu, ndiyo msingi wa viwango vyote vya kimataifa. Kiwango cha ISO 9241-171 cha mwaka 2008, kilichotungwa mahususi kwa ajili ya programu za kompyuta, kilieleza ufikivu kuwa ni utumikaji wa kitu kwa watu wenye uwezo wa namna nyingi kadiri inavyowezekana. Fasili hiyo haianzii kwenye ulemavu. Inaanzia kwenye tofauti za watu. Anayezidiwa na mwanga wa jua la mchana akiwa na simu mkononi, mzee ambaye vidole vyake vinatetemeka, na mtu aliyezaliwa bila kuona wote wamo ndani yake, ingawa ni huyu wa mwisho anayefungiwa mlango kabisa programu ikitengenezwa vibaya.

Upande wa haki umewekwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008. Ibara yake ya 9 inazitaka serikali zihakikishe ufikivu wa majengo, usafiri, na pia habari na mawasiliano, ikiwamo teknolojia na mifumo yake. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Mkataba, hata hivyo, hauelezi kitufe kiwe na ukubwa gani wala maandishi yawe na rangi gani. Kazi hiyo imeachiwa viwango.

Kiwango kinachotajwa kuliko vyote ni Mwongozo wa Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti, maarufu kwa kifupi WCAG. Hutolewa na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti duniani, ambalo lilianzisha mpango wake wa ufikivu mwaka 1997. Toleo la kwanza lilitoka Mei 1999. Toleo la 2.0, la Desemba 2008, liliandikwa upya kabisa ili lisifungamane na teknolojia moja, na mwaka 2012 lilikubaliwa pia kuwa kiwango cha ISO kwa namba ISO/IEC 40500. Toleo la 2.1 la mwaka 2018 liliongeza masuala ya simu za mguso, uoni hafifu na ugumu wa kuelewa, la 2.2 likafuata Oktoba 2023. Mtu yeyote anaweza kulisoma lote bila kulipa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuenea kwake kuliko viwango vinavyouzwa.

WCAG imejengwa juu ya kanuni nne: maudhui yatambulike kwa hisi anazotumia mtu, yaendesheke kwa njia anayoiweza, yaeleweke, na yawe imara kiasi cha kusomwa na vifaa saidizi vya leo na vya kesho. Chini ya kanuni kuna miongozo 13, na chini ya miongozo, katika toleo la 2.2, kuna vigezo 86 vinavyopimika. Kila kigezo kina daraja lake: A ni la lazima la chini, AA ni la kati, AAA ni la juu. Sheria nyingi hudai AA. W3C yenyewe haishauri AAA lifanywe sharti la tovuti nzima, kwa kuwa yapo maudhui yasiyoweza kulitimiza.

Vigezo hivyo huonekana vizuri zaidi kwenye programu ya kutuma pesa kwa simu. Kitufe cha kutuma kimechorwa mshale tu. Mwenye macho anauelewa. Kisoma skrini kinatamka “kitufe” kisha kinanyamaza, kwa sababu aliyekiunda hakukipa jina ndani ya msimbo. Kigezo cha 4.1.2 kinataka kila kidhibiti kiwe na jina na aina vinavyosomeka na mashine, na kulitia jina hilo ni kazi ya mstari mmoja. Mtumiaji akikosea kiasi, kisanduku kinageuka chekundu bila neno lolote. Asiyetofautisha rangi haoni kilichobadilika, na asiyeona kabisa hajui kama kuna kosa. Kigezo cha 1.4.1 kinakataza rangi kuwa njia pekee ya kupasha habari, na cha 3.3.1 kinataka kosa litajwe kwa maandishi. Muda wa ukurasa unapokaribia kwisha, cha 2.2.1 kinaruhusu njia kadhaa, mojawapo ikiwa kumwonya mtumiaji na kumpa angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo jepesi. Anayetafuta herufi moja moja kwa kidole au kusikiliza kila neno huhitaji nafasi hiyo kuliko mtu mwingine. Na toleo la 2.2, katika kigezo cha 3.3.8, linazuia hatua ya kuingia isitegemee kumbukumbu ya mtu peke yake: programu inayokataza kubandika nywila inamfungia nje yule anayetunziwa nywila na simu yake.

Kwenye rangi, vipimo ni vya hesabu tupu. Daraja AA linataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa kwa 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu chenye namba #777777 juu ya nyeupe hutoa takriban 4.48 na kushindwa. #767676, ambacho jicho haliwezi kukitofautisha nacho, hutoa 4.54 na kupita. Ukali huo unaweza kuonekana wa kupita kiasi, lakini bila mstari uliochorwa mahali fulani kila mbunifu angesema kijivu chake kinasomeka, na kwa macho yake kinasomeka kweli.

Kigezo kimoja kinawagusa waandishi wa Kiswahili moja kwa moja, nacho hupuuzwa mno. Ni 3.1.1, cha daraja A, kinachotaka kila ukurasa utaje lugha yake ndani ya msimbo. Alama ya Kiswahili ni “sw”. Kurasa nyingi za Kiswahili hutengenezwa kwa violezo vya Kiingereza, na alama ya “en” huachwa ilivyo. Kisoma skrini hutii alama hiyo na kuita sauti ya Kiingereza: “pole” na “mate” yanatamkwa silabi moja kama maneno ya Kiingereza, na 5,000 haisomwi elfu tano. Msikilizaji asiyejua Kiingereza anaambulia kelele. Sauti ya Kiswahili ipo, hata katika vyombo vya bure: eSpeak NG, mtambo wa usemaji unaofungashwa pamoja na kisoma skrini cha NVDA, una Kiswahili. Kinachokosekana ni herufi mbili. Ukurasa unaochanganya lugha nao una kigezo chake, 3.1.2 cha daraja AA, kinachotaka kifungu cha lugha ya kigeni kiwekewe alama yake.

WCAG iliandikwa kwa ajili ya wavuti. Kiwango cha Ulaya EN 301 549, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2014, kiliichukua na kuipanua: sura yake ya 9 inahusu tovuti, ya 10 nyaraka, na ya 11 programu zinazosakinishwa kwenye kompyuta na simu. Marekani ilikuwa imepita njia yake mapema zaidi, kupitia kifungu cha 508 cha sheria ya mwaka 1973 kilichorekebishwa mwaka 1998, kinachozitaka taasisi za serikali kuu zinunue na kutumia teknolojia fikivu. Kanuni zake zilipohuishwa mwaka 2017 zilichukua WCAG 2.0 daraja AA. Njia ya ununuzi imezaa matunda, kwa sababu kampuni inayotaka kuiuzia serikali hailetewi mahubiri, inaletewa sharti. Ulaya imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 28 Juni 2025, huduma za benki kwa walaji, maduka ya mtandaoni, vitabu vya kielektroniki na mashine mpya za kutolea fedha zinabanwa na sheria moja, na kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam inayowauzia walaji wa huko huduma kama hizo haiepuki, isipokuwa ikiwa ni biashara ndogo kabisa ya huduma.

Kenya ina kiwango chake cha taifa, KS 2952 cha mwaka 2022, kilichojengwa juu ya EN 301 549. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikuwa tayari imeitaka serikali ikuze lugha ya ishara, nukta nundu na njia nyingine za mawasiliano zinazofikiwa na watu wenye ulemavu.

Kupima ufikivu hakuishii kwenye chombo cha kukagua msimbo. Chombo hugundua picha isiyo na maelezo mbadala, lakini mchoro wa bei za mahindi ukiwekewa maelezo “picha001” kitaupitisha bila wasiwasi. Ndiyo maana ukaguzi unaoaminika huunganisha chombo, mtaalamu anayepitia kigezo kwa kigezo, na watumiaji wenye ulemavu wanaoifanya kazi yenyewe kuanzia kuingia hadi kupata risiti. Vivyo hivyo kwa mnunuzi wa mfumo. Hati ya zabuni inayotaja WCAG 2.2 daraja AA na kudai ripoti ya ukaguzi inampa haki ya kuirudisha kazi isiyofikia. Hati inayosema tu kwamba mfumo uwe rafiki kwa watu wenye ulemavu haimpi chochote cha kushikilia.