Kengele ya Kisauni na makala ya Wikipedia

Leo naweka kando mambo ya programu na seva, niwape kisa cha historia.

Wikipedia ilizaliwa Januari 2001, na ya Kiswahili ikafuata 2003. Kwa miaka kadhaa ilisukumwa na watu wachache wa kujitolea, akiwemo mwanablogu Mtanzania Ndesanjo Macha. Mwishoni mwa 2009 Google wakaleta shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania: andika makala kwa Kiswahili, upate zawadi kama kompyuta ya mkononi. Washiriki zaidi ya 800 wakaandika makala zaidi ya 900. Shindano lilipokwisha mapema 2010, wengi hawakuonekana tena. Wale wale wa kujitolea wakabaki na kazi ya kusahihisha.

Nilikikumbuka kisa hicho nilipoanza kuwasaidia vijana wa sekondari huku Kisauni, siku za Jumamosi. Kwao zawadi hakuna. Nataka wajue kuandika jambo na kulithibitisha.

Wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili, nyumbani ni Kigiriama au Kikamba. Hata mtoto wa Mvita hana nafuu kubwa: mkutano wa 1928, uliofanyika hapa hapa Mombasa, ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. "Ndia" yake shuleni ni kosa, aandike "njia".

Kijana mmoja alichagua Kengeleni, mahali anapopita kila siku. Akaanza: "Kengeleni ni mahali pazuri sana, palijengwa na Wazungu wenye huruma." Hiyo ni insha ya mtihani. Nikamuuliza, "Uzuri huo nani kaupima? Na huruma?"

Tukatafuta vitabu. Sentensi ikawa hivi: Frere Town ilianzishwa 1875 na wamisionari wa CMS ili kuwapokea watumwa waliokombolewa, ikapewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Zanzibar kudai biashara hiyo ikome. Jina Kengeleni limetokana na kengele yao. Halafu tukaongeza tanbihi ya kitabu. Sifa zimeondoka, habari imebaki.

Hapo ndipo niliponaswa. Kijana akasema, "Mwalimu, nyanya yangu anajua mengi kuhusu kengele ile. Naye nimweke tanbihi?"

Nikamjibu ukweli: hapana. Wikipedia inataka maandishi yaliyochapishwa. Akanitazama kama niliyemtukana nyanyake. Nikatafakari: waliokaa Frere Town walitoka makabila mengi, nao walijifunza Kiswahili na wakasomeshwa misheni. Lakini sehemu kubwa ya tunayonukuu juu yao iliandikwa na wamisionari. Kanuni ni nzuri, inazuia uzushi. Ila inampa sauti yule aliyekuwa na mtambo wa kuchapa.

"Basi mwanangu," nikamwambia, "mhoji nyanya, andika alilosema, tarehe na mahali. Tutafute jarida au gazeti la kulichapa. Hapo atakuwa tanbihi."

Jumamosi iliyofuata alikuja na daftari, kurasa nne zimejaa. Nusu ni Kigiriama. Sasa tunatafsiri, neno kwa neno, na ananisahihisha mimi.

Haya, tuonane wiki ijayo. Kama unaye nyanya, chukua kalamu.