Admirali Rawson na Vita vya Unguja, 1896

Sisi tukaao Moshono, chini ya Mlima Meru, hatuoni bahari, na habari za manowari twazisikia kama ngano. Hii si ngano.

Harry Rawson alizaliwa Uingereza mwaka 1843, akaingia kazi ya manowari mwaka 1857, hajatimiza miaka 14. Alipigana Uchina angali kijana, akapanda cheo kwa cheo hata akawa Admirali. Mwezi Agosti 1895 alipanda bara kutoka Mombasa, akaitwaa boma ya Mbaruk bin Rashid huko Mwele. Walakini Mbaruk mwenyewe hakumpata.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafula. Khalid bin Barghash akaingia jumbani mara, naye Waingereza hawakumtaka. Walimtaka Hamud bin Muhammed. Rawson akafika katika manowari yake St. George, ikawa manowari tano bandarini. Khalid akaambiwa ashushe bendera kabla ya saa tatu asubuhi, tarehe 27. Yeye alikuwa na watu kama 2,800, mizinga michache, na meli moja kuukuu, Glasgow. Saa tatu ikapiga, bendera haikushuka. Dakika mbili baadaye mizinga ikalia. Glasgow ilijibu, ikazamishwa pale pale, na milingoti yake ikaonekana juu ya maji miaka mingi.

Wanafunzi hucheka wakiambiwa kwamba vita vilikwisha kwa dakika 40 hivi. Mimi sicheki. Jumba lilikuwa la mbao kwa sehemu kubwa, na watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, wakiwamo watumishi na watumwa. Upande wa Rawson aliumia baharia mmoja. Najua askari hutii amri. Lakini jambo lile kuliita vita ni kulikuza mno. (Oktoba mwaka ule ule damu ilimwagika hata huku kwetu, Akeri, walipouawa wamisionari wawili, kisha Wadachi wakaja kulipiza kisasi.)

Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wadachi. Mabaharia wa Kiingereza wakalinda mlangoni ili wamkamate akikanyaga nje. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa hata ukingo wa bustani ya balozi. Mashua ya Kidachi ikaja, Khalid akaingia humo pasipo kugusa ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam.

Rawson aliiteka Benin mwaka 1897, akawa Gavana wa New South Wales tangu 1902 hata 1909, akafa London mwaka 1910. Khalid alikamatwa na Waingereza mwaka 1916, akahamishwa visiwani mbali, akafa Mombasa mwaka 1927.