Nguo Ilipata Uraia, Mwenye Duka Akabaki Mgeni

Kivuko kinapofika Kamanga asubuhi kikitokea upande wa Sengerema, simama pembeni uwatazame abiria wanaoingia mjini Mwanza. Mama mmoja amejifunga doti ya kanga, kipande kimoja kiunoni na kingine amembebea mtoto mgongoni. Nyuma yake yupo binti wa chuo aliyevaa kanzu fupi ya panjabi juu ya suruali ya jinzi, na mtandio wake ameutupia begani. Sasa jiulize: ni nani kati ya hawa wawili aliyevaa Kihindi? Wengi wetu tutamnyooshea kidole binti wa chuo, na tutakuwa tumetoa nusu ya jibu.

Hoja yangu katika makala hii ni nyepesi kuieleza na nzito kuikubali. Katika Afrika Mashariki, nguo za Kihindi zimepokelewa upesi kuliko Wahindi wenyewe. Nguo huingia bandarini ikiwa ngeni, na baada ya vizazi viwili huitwa vazi la bibi. Mtu huingia kwa bandari hiyohiyo, akazaa na kuzika hapa, na wajukuu zake bado wakaulizwa kwao ni wapi. Ukweli una upande wa pili pia: zipo jumuiya za Kihindi zilizomuuzia nguo kila mtu, lakini hazikumfungulia kila mtu mlango wa nyumba.

Tuanze na kaniki. Kitambaa hiki cha pamba kilichotiwa nili kililetwa kutoka magharibi ya India, hususan Kutch na Gujarat, kwa vyombo vilivyosafiri na upepo wa kaskazi. Katika karne ya 19 kiliingia bara pamoja na merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kutoka Marekani, na vyote viwili vilitumika kama fedha katika njia za misafara. Leo, huku Usukumani, kaniki nyeusi ni vazi la mganga na nguo ya matambiko. Hakuna anayemwambia mganga kwamba anawaita mababu zake kwa kitambaa chenye asili ya Gujarat. Wala hapana haja ya kumwambia, kwa kuwa kaniki imekaa naye muda wa kutosha kuwa yake.

Kanga nayo ina nasaba ya namna hiyo. Wanawake wa Pwani ndio walioianzisha mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuunganisha leso, neno tulilolipata kwa Wareno, hadi zikawa shuka moja pana. Madoa ya kanga za mwanzo yanafanana na bandhani, ufundi wa Gujarat na Kutch wa kufungafunga kitambaa kwa uzi kabla ya kukitia rangi. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na Mombasa waliwasikiliza wateja wao, wakaagiza michoro waliyoipenda ichapwe ng'ambo. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, alianzisha duka ambalo alama yake husomeka kwenye kanga hadi leo. Hata neno doti lina undugu na dhoti, shuka wanayojifunga wanaume wa India. Kwa hiyo kanga ina wazazi wengi: jicho la mwanamke wa Pwani, mtaji wa Mhindi na mitambo ya nchi za mbali.

Nguo hizi zilifikaje kwa wingi Mwanza? Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, meli za Ziwa zikaunganisha mji huu na Mombasa, na reli ya kutoka Tabora ikafika mwaka 1928. Nyuma ya reli na meli likaja duka. Alidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyeanzia kazi Bagamoyo, alijenga mtandao mkubwa wa maduka katika nchi za Maziwa Makuu kabla hajafariki mwaka 1916. Wengine wenye mitaji midogo wakasogea hadi vijijini, na majora ya vitambaa yakafika mahali ambapo shule na zahanati zilikuwa hazijafika.

Hapo ndipo uchungu ulipozaliwa. Mkulima wa Usukumani aliuza pamba kwa mnunuzi wa Kihindi. Mwenye kiwanda cha kuichambua mara nyingi naye alikuwa Mhindi. Kisha mkulima akaingia duka la Mhindi kununua kaniki kwa fedha ileile. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyopanga ngazi hizo, Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini, na sheria zake zikambana Mwafrika hata katika kupata mkopo wa kufungulia duka. Lakini mkulima hakukutana na gavana kila siku; alikutana na mwenye mizani. Malalamiko juu ya mizani hiyo yaliupa nguvu ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions. Wakulima wale hawakuwa na ugomvi na kitambaa. Ugomvi wao ulikuwa juu ya mizani, na ulikuwa wa haki.

Tuvuke Ziwa twende Buganda, kwani huko kuna mfano ulio wazi zaidi. Gomesi, ambayo Waganda huiita pia busuuti, ndilo vazi la heshima la mwanamke wa Kiganda. Jina hilo limetokana na Gomes, jina la ukoo wa mafundi cherehani kutoka Goa, iliyokuwa India ya Wareno. Mmoja wao, Caetano Milagres Gomes, anatajwa kuwa ndiye aliyelipa vazi hilo umbo tunalolijua mwanzoni mwa karne ya 20, na historia yake inahusishwa na shule ya wasichana ya Gayaza. Miaka michache tu baadaye lilikuwa limeingia katika jumba la Kabaka. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Mafundi na wenye maduka wakafunga mizigo. Gomesi haikufukuzwa.

Wahindi wenyewe nao hawakukaa na vazi moja. Mwaka 1952 Aga Khan wa Tatu aliwashauri wanawake wa Kiismailia wa Afrika waache mavazi ya Kihindi na kuvaa gauni jepesi la mtindo wa kikoloni. Pachedi, shuka refu walilojitanda mama zao, likaanza kubaki sandukuni. Mabohora walielekea upande mwingine: chini ya Syedna Mohammed Burhanuddin, rida ya kike, kurta na kofia nyeupe yenye nakshi ya dhahabu vilisisitizwa upya kuwa alama za jumuiya. Ndani ya mji mmoja kama Mwanza, wajukuu wa watu waliotoka pwani ileile ya India walijibu swali la usasa kwa njia mbili zinazopingana. Lakini tuzingatie jambo moja. Ushauri wa mwaka 1952 ulichagua gauni la Mzungu, haukuchagua kanga. Kwenda na wakati kulimaanisha kumkaribia aliye ngazi ya juu. Jirani aliye ngazi ya chini hakufikiriwa.

Uhuru ulipokuja, swali la nani ni mwenzetu likahamia bungeni. Oktoba 1961, wabunge kadhaa walipotaka uraia wa Tanganyika ufungamane na rangi, Mwalimu Nyerere aliwapinga waziwazi na kuweka uongozi wake rehani. Sheria ikapita bila kigezo cha rangi. Amir Jamal, aliyezaliwa hapa Mwanza mwaka 1922 katika familia yenye asili ya India, akawa Waziri wa Fedha kwa miaka mingi. Hata hivyo sheria ya uraia haikubadilisha mazoea kwa siku moja. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya minisketi, mawigi na suruali za kubana, kwa jina la utamaduni wetu. Kanga na kitenge zikahesabiwa salama, ingawa zote mbili zilikuwa na nasaba ya ng'ambo. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi, lakini wengi waliopoteza majengo walikuwa Waasia, na wengi wao wakahama nchi. Ilikuwa hatua ya kitabaka, na katika mitaa mingi ilisomwa kwa rangi.

Leo mchanganyiko wa mavazi umerudi kwa nguvu mpya. Tamthilia za Kihindi huonyeshwa kwa sauti za Kiswahili, bibi harusi huingia kwenye sendofu akiwa amevaa sari, na mafundi wetu hushona vitenge kwa mkato wa kurta. Mustafa Hassanali, Mtanzania mwenye asili ya India, alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, na jukwaa hilo limewakusanya wabunifu wa kila asili. Wanafunzi wangu huniuliza kama kuvaa panjabi ni kuiga. Huwajibu kwamba swali lenye uzito zaidi ni nani anayenufaika. Kanda ya Ziwa huzalisha sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii, nayo husafirishwa ikiwa haijasokotwa uzi, kisha tunanunua kanga zilizochapwa India. Mizani imebadilika sura, lakini bado tunapimiwa.

Kwa watumishi wa umma nina ombi moja. Mtanzania wa kizazi cha nne anapofika dirishani kwako kutafuta hati, usimtazame rangi kabla ya kutazama karatasi zake. Kwa Watanzania wenzangu wenye asili ya Asia nina ombi pia: uraia ni pamoja na kuketi msibani na harusini kwa jirani, na kuwaacha watoto wenu wamwoe au waolewe na wanayempenda. Yule mama wa Kamanga hajawahi kuiuliza kanga yake kwao ni wapi. Ameifua, ameifunga na kumbebea mwanawe, na imetosha.