Kidumbak: Jina Dogo na Elimu ya Mikono

Jina kidumbak lina kiambishi ki- cha udogo. Asili yake ni dumbak, ngoma ya mkono inayotumika katika taarab na katika muziki wa Kiarabu. Kidumbak ni ngoma ndogo ya chungu iliyowambwa ngozi. Kundi zima la wapigaji likachukua jina la ngoma hiyo, na wengine wakaliita kitaarab, yaani taarab ndogo. Pengine kwa sababu ya udogo huo wa jina, historia ya taarab aghalabu husimuliwa kuanzia juu: kasri la Sultani Barghash (1870–1888), kisha Nadi Ikhwan Safaa iliyoundwa mwaka 1905. Kidumbak, burudani ya harusi za watu wa kawaida, huonekana kuwa mwigo tu.

Hata hivyo, likiulizwa swali la namna wapigaji walivyojifunza, picha hiyo hubadilika. Wanamuziki wengi wa vikundi vikubwa vya Zanzibar walianzia kwenye kidumbak. Ala zake ni chache: ngoma mbili, fidla moja, sanduku lenye uzi, cherewa na mkwasa. Nota hazikuhitajika. Kijana alisikiliza, akaiga, akashika pigo la msingi mpaka mikono ikalizoea. Ndipo alipoanza kulipamba.

Kupamba huko ni ubunifu wa papo kwa papo, lakini si upigaji holela. Harusini, nyimbo huunganishwa bila kituo kwa saa nzima au zaidi. Mwimbaji hubuni maneno papo hapo akiwatania wachezaji, na ngoma haina budi kumfuata. Kama vile mshairi katika malumbano anavyofungwa na vina na mizani kabla hajasema neno, mpigaji naye hufungwa na pigo lisilovunjwa. Akizidisha mapambo, wachezaji hupotea. Akiyapunguza mno, ngoma hupoa. Hadhira ndiyo humsahihisha fanani, tena bila kungoja mwisho wa wimbo.

Sehemu hii ya sanaa haikuhifadhika kwa urahisi. Santuri ambazo Siti binti Saad na wenzake walianza kurekodi Bombay mwaka 1928 zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Muda huo ulitosha kwa beti chache. Haukutosha kwa ngoma inayopanda polepole usiku kucha. Mtafiti anayetegemea santuri peke yake husikia wimbo, asiusikie ujuzi.

Tangu mwaka 2002, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Mji Mkongwe, kimeyapa mafunzo ya muziki wa Zanzibar darasa na ratiba. Hilo ni jambo la heri, maadamu mwanafunzi hatengwi na harusi. Pigo la msingi laweza kufundishwa chumbani. Kujua lini liongezwe na lini liachwe hufundishwa na miguu ya wachezaji. Kiambishi ki-, basi, kinapima ukubwa wa ngoma. Hakipimi elimu iliyopitia humo.