Jicho, Masafa na Mwanga: Historia ya Uchaguzi wa Vilengeo vya Bunduki, 1898–1998

IKISIRI

Makala haya yanachunguza historia ya vilengeo vya bunduki kuanzia vilengeo vya chuma vyenye mizani ya masafa hadi darubini, nukta nyekundu na leza. Hoja kuu ni kwamba majeshi yalikosea kila yalipochagua kilengeo kwa kuzingatia umbali ambao risasi inaweza kufika, badala ya kuzingatia kile ambacho jicho la mpigaji linaweza kuona mahali anapopigana. Makala yanaonesha pia kuwa kila kilengeo kilichotatua tatizo moja kilizaa jingine, na kwamba thamani ya kifaa ilitegemea marekebisho na mafunzo kuliko ubora wa kioo chake.

1.0 Utangulizi

Historia ya bunduki huandikwa aghalabu kama historia ya mtutu, baruti na risasi. Kilengeo hutajwa kwa ufupi, kana kwamba ni pambo la silaha. Hata hivyo, risasi huenda mahali mtutu ulipoelekezwa, na mtutu huelekezwa na jicho. Kwa sababu hiyo, kilengeo ndicho kiungo kati ya uwezo wa silaha na udhaifu wa binadamu anayeishika.

Katika makala haya, neno kilengeo linatumika kwa maana ya kifaa chochote kilichofungwa kwenye bunduki ili kumsaidia mpigaji kulenga shabaha. Kilengeo cha chuma kina sehemu mbili: kipande chenye mwanya kilicho karibu na jicho, na ncha iliyosimama karibu na mdomo wa mtutu. Mpigaji hulazimika kupanga mwanya, ncha na shabaha katika mstari mmoja. Ugumu unatokana na ukweli kwamba vitu hivyo vitatu viko katika umbali tofauti, na lenzi ya jicho haiwezi kuviona vyote kwa uwazi kwa wakati mmoja. Anayeiona ncha vizuri huiona shabaha kwa ukungu. Umri unapoongezeka, lenzi hupoteza unyumbufu na tatizo huwa kubwa zaidi. Vilengeo vyote vilivyofuata vinaweza kutazamwa kama majaribio ya kupunguza mzigo huo wa jicho.

2.0 Vilengeo vya Chuma na Matumaini ya Masafa Marefu

Mwanzoni mwa karne ya 20, mataifa ya Ulaya yaliamini kwamba askari wa miguu wangepiga risasi kwa pamoja, kwa amri ya kiongozi wao, dhidi ya vikosi vilivyojipanga mbali. Vilengeo vilitengenezwa kwa imani hiyo. Bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya mwaka 1898, baada ya kupewa risasi mpya yenye ncha kali, ilikuwa na kilengeo cha nyuma kilichoanzia mita 400 na kufika mita 2,000. Matokeo yake ni kwamba mpigaji aliyekabiliana na adui aliye mita 100 tu alilazimika kulenga chini ya shabaha, la sivyo risasi ingepita juu. Bunduki fupi ya Kiingereza ya Lee-Enfield, toleo la 1907, ilikuwa na mizani ya kufika yadi 2,000, na ubavuni ilifungwa kilengeo cha ziada cha mapigo ya pamoja kilichofika yadi 2,800. Katika umbali huo, mtu mmoja haonekani kwa jicho tupu isipokuwa kama chembe.

Vita Kuu ya Kwanza ilizivunja dhana hizo. Katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, maadui walitenganishwa mara nyingi na mamia machache ya mita, na pengine makumi tu. Mwaka 1916 Waingereza walianza kutengeneza bunduki zao bila kile kilengeo cha ubavuni. Wajerumani nao, walipotoa bunduki yao fupi ya 98k mwaka 1935, walianzisha mizani yake kwenye mita 100.

Uwanja wa Afrika Mashariki ya Kijerumani unathibitisha hoja hii kwa namna nyingine. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari chini ya Paul von Lettow-Vorbeck zilikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871 zilizotumia baruti yenye moshi. Katika vichaka na mashamba yaliyozunguka Tanga, ambako mapigano yalifanyika Novemba mwaka huo, mizani ya masafa marefu haikuwa na kazi kubwa, kwa kuwa majani na miti vilikata upeo wa macho. Moshi uliongeza tatizo: askari aliyepiga risasi alijizibia macho yake mwenyewe, na papo hapo akamwonesha adui mahali alipo. Ndiyo maana shehena ya bunduki za kisasa iliyoletwa na meli ya Rubens katika ghuba ya Manza, Aprili 1915, ilikuwa na umuhimu mkubwa. Faida yake haikuwa kasi ya risasi peke yake. Baruti isiyo na moshi ilimwezesha mpigaji kuona bila kuonekana. Suala hilo la kuona na kuonekana litajitokeza tena katika historia ya leza.

3.0 Darubini Katika Mahandaki

Ujerumani iliingia vitani ikiwa na faida mbili: viwanda imara vya vioo katika miji kama Jena na Wetzlar, na utamaduni wa uwindaji uliokwisha kuzoea darubini za bunduki. Darubini hutatua tatizo la jicho kwa kuweka alama ya kulengea na taswira ya shabaha katika sehemu moja, hivyo jicho huona vyote viwili kwa uwazi. Vilevile hukusanya mwanga wakati wa magharibi na alfajiri. Uwezo huo unaweza kukadiriwa kwa kugawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kiwango cha ukuzaji: lenzi ya milimita 40 yenye ukuzaji wa mara 4 hutoa duara la mwanga la milimita 10, ilhali ukuzaji wa mara 10 hutoa milimita 4 tu. Mboni ya kijana gizani hupanuka hadi takribani milimita 7. Kwa hiyo ukuzaji mkubwa huweza kumnyima mpigaji mwanga wakati anapouhitaji zaidi, na pia hupunguza upana wa eneo analoliona.

Upande wa Uingereza, kasoro ya kwanza ilikuwa ya vifaa. Darubini nyingi zilifungwa upande wa kushoto wa bunduki ili zisizuie ujazaji wa risasi kutoka juu. Mpangilio huo ulimsumbua mpigaji aliyelazimika kutazama kupitia tundu dogo la ngao ya chuma, kwa kuwa mtutu na darubini havikuwa katika mstari mmoja. Kasoro ya pili ilikuwa nzito zaidi. Hesketh Hesketh-Prichard, mwindaji na mwandishi aliyejiunga na jeshi, alibaini kuwa darubini nyingi zilizogawiwa hazikuwa zimerekebishwa zilingane na mtutu, na waliopewa hawakufundishwa kuzirekebisha. Darubini iliyopotoka ilikuwa na madhara kuliko kilengeo cha chuma, kwa sababu ilimpa mpigaji uhakika wa uongo. Mwaka 1916 alianzisha shule ya walenga shabaha nchini Ufaransa, ambako upimaji wa silaha na utazamaji vilipewa uzito sawa na upigaji wenyewe.

4.0 Nukta ya Mwanga

Mwaka 1900 Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, alibuni kilengeo kinachoakisi alama ya mwanga kwenye kioo kinachopitisha taswira ya mbele. Alama hiyo huonekana kana kwamba iko mbali sana, mahali shabaha ilipo; hivyo jicho halihitaji tena kuchagua kati ya ncha na shabaha. Ubunifu huo ulienea kwanza katika ndege za kivita, kwa kuwa bunduki ya mkononi haikuwa na chanzo kidogo cha umeme cha kuwashia alama.

Mabadiliko ya fikra yalihitajika pia. Mwaka 1952 ripoti ya Norman Hitchman, iliyoandaliwa kwa ajili ya jeshi la Marekani, ilionesha kuwa bunduki vitani hutumika kwa nadra zaidi ya yadi 300. Ripoti hiyo iliathiri kwanza mjadala wa ukubwa wa risasi. Upande wa vilengeo, kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kilengeo chake cha kwanza cha nukta nyekundu mwaka 1975, na mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi la Marekani lilipokea kifaa cha kampuni hiyo kwa jina la M68. Mpigaji aliweza kuacha macho yote mawili wazi na kulenga haraka. Gharama zake ni utegemezi wa betri na ukosefu wa ukuzaji. Na mwenye kasoro ya jicho ya astigmatizimu huweza kuiona nukta kama doa lililotawanyika.

5.0 Leza na Suala la Kuonekana

Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza Mei 1960 huko California. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 leza za gesi zilikuwa zimefungwa kwenye bunduki, lakini zilikuwa kubwa na nzito. Filamu ya The Terminator ya 1984 ilieneza taswira ya mstari mwekundu usiokosea. Taswira hiyo inapotosha. Mwali wa leza husafiri kwa mstari ulionyooka, ilhali risasi huvutwa chini na uzito wake. Kwa kuwa kifaa hufungwa pembeni au chini ya mtutu, njia hizo mbili hulinganishwa kwa umbali uliochaguliwa, na nje ya hapo huachana. Mchana wa jua kali nukta nyekundu hupotea. Nukta ya kijani huonekana vizuri zaidi kwa nguvu ileile, kwa kuwa jicho huitikia zaidi mwanga wa eneo hilo.

Leza ilimwondolea mpigaji ulazima wa kuweka jicho nyuma ya kilengeo, lakini ilirudisha tatizo la moshi wa Tanga: katika vumbi au ukungu, mwali huonesha unakotoka. Leza ya infraredi, inayoonekana kwa miwani ya usiku pekee, ilikuwa suluhisho kwa muda tu ambao adui hakuwa na miwani hiyo. Aidha, mwanga huo ni hatari kwa jicho lenyewe. Oktoba 1995, mjini Vienna, ilipitishwa Itifaki ya Nne ya mkataba kuhusu silaha fulani za kawaida, iliyopiga marufuku silaha za leza zilizokusudiwa kupofusha. Ilianza kutumika Julai 1998. Leza za kulengea hazikukatazwa, lakini mataifa yaliyoridhia yalibeba wajibu wa kuchukua tahadhari ili matumizi halali ya leza yasipofushe watu.

6.0 Hitimisho

Ushahidi uliojadiliwa hauungi mkono dhana kwamba vilengeo vimepanda ngazi moja kutoka duni hadi bora. Darubini ilinunua uwazi kwa kupunguza upana wa kuona. Nukta nyekundu ilinunua kasi kwa kutegemea betri. Leza ilinunua uhuru wa mkao kwa kumfichua mpigaji. Waliochagua vyema walianza na maswali ya mahali: shabaha iko umbali gani, mwanga ni kiasi gani, na nani mwingine anaona. Waliochagua vibaya walianza na namba kubwa zaidi iliyoandikwa kwenye mizani. Kwa watafiti wa historia ya kijeshi, kumbukumbu za ukaguzi wa silaha na za shule za upigaji zinastahili kusomwa sambamba na orodha za ununuzi, kwa sababu orodha hueleza kilichogawiwa tu. Hazielezi kama aliyepewa aliweza kuona kwacho.