Nani Asemaye: Habari za Somo Moja la Hadithi Fupi

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Uingereza au Marekani aliyesomeshwa hadithi aliulizwa zaidi habari za mwandishi wake: alizaliwa lini, aliishi na akina nani, na ni funzo gani alilokusudia kulitoa. Kuuliza ni nani aisimuliaye hadithi, na amesimama wapi hata akayaona anayoyaeleza, lilikuwa jambo la mafundi wenyewe. Henry James alilishughulikia katika dibaji alizoviandikia vitabu vyake vilipopigwa chapa upya kati ya mwaka wa 1907 na 1909. Naye Percy Lubbock akalifanya nguzo ya kitabu chake, The Craft of Fiction, cha mwaka wa 1921. Lakini wote wawili waliwasemesha watu waliokwisha soma sana, na fikira zao zilikuwa juu ya riwaya ndefu. Kijana wa mwaka wa kwanza hakuwamo katika mazungumzo hayo.

Aliyemwingiza ni kitabu cha darasani. Cleanth Brooks na Robert Penn Warren walikuwa wamefundisha pamoja katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, na mwaka wa 1943 wakatoa Understanding Fiction. Ndani yake mna hadithi fupi nzima nzima, na baada ya hadithi huja maelezo au maswali. Kuhusu msimulizi, walipanga namna nne: mhusika mkuu ajisimuliaye mwenyewe, mhusika mwingine amsimuliaye mkuu, mwandishi aonaye ya nje tu, na mwandishi ajuaye hata ya moyoni. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, askari waliolipiwa masomo kwa sheria ya mwaka wa 1944 walijaa vyuoni, nao hawakuwa na msingi mmoja wa masomo. Kitabu kilichobeba hadithi na maswali yake pamoja kiliwafaa sana walimu wao.

Miongoni mwa hadithi zilizomo ni A Rose for Emily ya William Faulkner, iliyotoka kwanza mwaka wa 1930. Bibi Emily Grierson wa mji wa Jefferson amekufa, na mji mzima umekuja mazikoni. Yaliyopita yanaelezwa bila kufuata mpango wa miaka: kodi aliyosamehewa, sumu aliyoinunua, harufu mbaya iliyotoka nyumbani mwake, na Homer Barron, msimamizi wa vibarua kutoka Kaskazini, aliyeonekana akiingia kwake jioni moja asionekane tena. Mwisho chumba cha juu kinavunjwa, na maiti ya Homer imo kitandani.

Msimulizi wa mambo hayo hana jina. Ni “sisi”, yaani watu wa mji. Katika zile namna nne huyu hakai vema popote: yumo hadithini, lakini si mtu, ajua mengi, lakini hajui yaliyo ndani ya nyumba. Tena “sisi” yake haitulii. Wanaume wanne wanapouvuka ua wa Emily usiku ili kunyunyiza chokaa, waliofanya hivyo ni “wao”. Habari za chumba kilichofungwa kwa miaka arobaini, “sisi” tulikuwa tukizijua. Lakini waliongoja maziko yaishe ndipo wakavunja mlango ni “wao”. Kisha ni “sisi” tena tuliosimama kutazama. Mji wakubali kuona na kujua, wakataa kutenda. Msomaji wa Kiswahili ana fadhila hapa, kwa kuwa lugha yake huweka alama ya mtendaji katika kila tendo: tulijua, wakavunja, tukasimama. Katika Kiingereza mwanafunzi aweza kuipita zamu hiyo asiitambue.

Bali hiyo “tu” haisemi akina nani wamo na akina nani wametolewa. Nyumbani mwa Emily alikuwamo mtumishi mweusi, Tobe, mpishi na mtunza bustani, aliyekuwa akitoka na kapu lake kwenda sokoni na kurudi. Siku ile ya mwisho, ndiye aliyemfungulia Homer mlango wa jikoni. “Sisi” ya Jefferson ilimtazama miaka yote hiyo, na haikumhesabu kuwa mmoja wake. Maelezo ya Brooks na Warren yalikaa zaidi juu ya Emily na kiburi chake. Yafaa ikumbukwe pia kwamba hadi mwaka wa 1950 chuo cha Louisiana walikofundisha kilikuwa hakipokei wanafunzi weusi, hivyo waliokuwa na sababu ya kwanza ya kusimama upande wa Tobe hawakuwamo darasani. Swali lilikuwa jema, ila liliulizwa katika chumba kilichofungwa.

Waliofuata walilinoa zaidi. Mwaka wa 1966 James Moffett na Kenneth McElheny walikusanya hadithi fupi katika Points of View, wakazipanga kwa umbali wa msimulizi tu: kwanza mtu anenaye moyoni mwake, mwishoni msimulizi asiyeingia moyoni mwa yeyote. Mpango huo wamfaa mwalimu kuliko jedwali lolote, maana mwanafunzi hupanda ngazi kwa kusoma. Mwaka wa 1972 Gérard Genette wa Ufaransa akaonyesha kosa la zile namna nne: zilichanganya aonaye na asemaye, na hao si lazima wawe mmoja.

Tofauti hiyo yaonekana wazi mwalimu akiwaagiza wanafunzi waiandike upya hadithi ya Emily kwa jicho la Tobe. Wengi huanza na sumu na harufu, kisha wakakwama. Alijua tangu siku ya kwanza, basi fumbo lililoshikilia hadithi limetoweka, na mahali pake pana mtu apandaye ngazi kila siku akikipita chumba hicho, asiye na wa kumwambia. Kwa Faulkner, Tobe awafungulia wanawake mlango wa mbele Emily akiisha kufa, apita ndani ya nyumba, atokea nyuma, na haonekani tena. Mwanafunzi amfuataye hana budi kuamua mwenyewe, toka mlango ule wa nyuma, alishika njia ipi.