P45, vita vya Hitler na pesa za wabeba boksi

Mbongo yeyote aliyewahi kubeba boksi Uingereza anaijua P45. Ni karatasi anayokupa mwajiri unapoacha kazi, ikionyesha umelipwa kiasi gani na umekatwa kodi kiasi gani tangu mwaka wa kodi ulipoanza tarehe 6 Aprili. Wengi huitupa kwenye droo wakaisahau. Nimekuwa nikifuatilia historia ya karatasi hii kwa wiki kadhaa sasa, maana ukijua ilikotoka utaelewa kwa nini ndugu zetu wanaofanya kazi mbili tatu kule hukatwa kuliko wanavyodaiwa.

Aliyenichokoza ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyeko England. Mchana anatunza wazee, usiku anasafisha ofisi. Akanipigia: "Hivi mdogo wangu, wewe si mwandishi wa habari? Mbona hii kazi ya usiku wananikata kama tajiri?"

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kodi ya mapato Uingereza ilikuwa mambo ya wenye nacho, walipaji takribani milioni 4. Vita vikaja na gharama zake. Mwaka 1941 kiwango cha kawaida kikafika shilingi 10 kwa kila pauni, na pauni ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo ni nusu kwa nusu. Walipaji wakapita milioni 12. Hawa wapya walikuwa mafundi wa viwandani na wachimba makaa, watu wa mshahara wa wiki. Utaratibu wa 1940 ulimtaka mwajiri awakate, lakini kwa hesabu ya kipato cha miezi iliyopita. Mtu alipiga ovataimu miezi ya joto, kodi yake ikamkuta wakati wa baridi, ovataimu imekwisha, pengine anaumwa kitandani.

Aliyelivalia njuga tatizo hili ni ofisa wa idara ya kodi, Paul Chambers, ambaye kabla ya hapo alikuwa mshauri wa kodi ya mapato wa serikali ya kikoloni India. (Makoloni yalikuwa shule nzuri ya kukusanya kodi. Babu zetu waliotozwa kodi ya kichwa wangeweza kutoa ushahidi.) Chini ya mpango wake, kila siku ya malipo mwajiri anajumlisha ulicholipwa tangu Aprili, anatoa kile kiasi chako kisichotozwa kodi kwa kipindi chote hicho, kisha anakata kodi kwenye kinachobaki. Na hapa nampa mzee heshima yake: ukikosa kazi wiki tatu, hesabu inajirudi yenyewe. Inaonekana umelipa zaidi, na unarudishiwa humo humo ndani ya bahasha ya mshahara, bila kuandika barua wala kupanga foleni. Ukihama kazi, P45 ndiyo inayobeba jumla yako kwenda kwa mwajiri mpya.

Waziri wa fedha, Kingsley Wood, alikuwa autangaze mpango huo bungeni tarehe 21 Septemba 1943. Asubuhi ya siku hiyo hiyo akafariki ghafla. Mpango ukaendelea bila yeye, ukaanza tarehe 6 Aprili 1944 kwa jina la PAYE, jina ambalo leo liko kwenye hati za mishahara za Dar es Salaam na Nairobi.

Wamarekani nao walianza kukata kwenye mishahara mwaka 1943, ila kule mfanyakazi hujaza hesabu zake kila mwaka na mamilioni hurudishiwa. Uingereza waajiriwa wengi hawajazi chochote. Wanaiamini hesabu ya mwajiri.

Sasa tatizo la dada. Hesabu ya Chambers inamfikiria mtu mwenye mwajiri mmoja kwa wakati mmoja. Ukiwa na wawili, kiasi kisichotozwa kodi (tangu Aprili 2021 ni pauni 12,570 kwa mwaka) kwa kawaida hupelekwa kwenye kazi moja tu. Ya pili hupewa alama ya BR, maana yake asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza. Chukua namba za dada yangu kwa kukadiria. Mchana pauni 9,000, usiku 5,000, jumla 14,000. Kodi anayodaiwa kweli ni asilimia 20 ya 1,430, yaani pauni 286. Anayokatwa? Mchana hakuna, usiku pauni 1,000. Pauni 714 zimekwenda kulala serikalini. Kwake hiyo ni ada ya shule ya mdogo wetu wa mwisho.

Kwa miaka mingi hata wenyewe hawakuona, kwa sababu kila ajira ilikuwa na rekodi yake. Mwaka 2009 wakaleta mfumo mpya wa kompyuta uliounganisha rekodi za mtu mmoja, na Septemba 2010 likalipuka: karibu watu milioni 6 walikuwa wamekatwa kodi isiyo sahihi. Takribani milioni 4.3 walikuwa wamelipa zaidi, milioni 1.4 pungufu. Magazeti ya kule, wenzangu hao, yakapiga kelele zaidi kuhusu wanaodaiwa. Tangu 2013 waajiri wanatoa taarifa kila wanapolipa, na hali ni nafuu, lakini BR iko pale pale.

Kudai ni bure. Mwaka wa kodi ukiisha, ofisi ikigundua yenyewe hukutumia barua ya P800. Isipogundua unadai mwenyewe, kwa simu au kwa intaneti, ukiwa na P45 zako na P60 ya kila mwajiri uliyekuwa naye mwaka ulipoisha. Kuna mawakala wanaojitolea kukusaidia kisha wanamega kipande kinono. Mimi nisingewapa. P45 ikipotea mwajiri hatoi nyingine, lakini hati za mshahara zinasaidia, kwa hiyo usizitupe.

Muda ni miaka minne tangu mwaka wa kodi ulipoisha. Ulioishia 5 Aprili 2024 unafungwa 5 Aprili 2028. Anayerudi nyumbani moja kwa moja hujaza fomu ya P85, na nimeambiwa kijiweni kwamba wengi waliorudi hawajawahi hata kuisikia. Kama kuna mdau aliyedai akiwa tayari yuko Bongo na akalipwa, naomba aniandikie ilimchukua muda gani.